Mnono Kilioni

Mkiniona nageuza uso nikipita dirisha la duka lenye matangazo ya bei nafuu, msidhani nina maringo. Sina maringo. Ni zile herufi. Zile nene, za mviringo, zilizolala upande wa kulia kama mtu anayewahi karamu, zisizo na kona hata moja. Ziko kwenye makopo ya aiskrimu, ziko kwenye sabuni ya kufulia, ziko kwenye makaratasi ya disko pale stesheni ya Norsborg. Stockholm nzima inazipenda. Mimi nazichukia, na haki ya kuzichukia ninayo kuliko mtu yeyote, kwa sababu zilichorwa kwenye meza yangu ya jikoni na aliyezichora ni mume wangu.

Jina lake Erisa. Mganda wa Masaka, fundi wa kuandika mabango ya maduka tangu Kampala, aliyetimuliwa na bunduki kama wenzake wengi akaangukia huku kwenye theluji. Mimi ni Mueni, Mkamba wa Machakos, nilikuja kusomea uuguzi nikabaki. Tulijaliwa mtoto mmoja, Namubiru, ambaye ukimwita kwa Kiswahili anakuitikia kwa Kiswidi. Ndiyo maisha ya huku.

Mchana Erisa alikuwa kwenye karakana ya mabango, anaandika bei za nyama na za viatu. Jioni, sahani zikishaoshwa, anatandaza karatasi nyembamba mezani na kuchora alfabeti yake mwenyewe. Herufi moja ilikula wiki nzima. Anaichora, anaigeuza juu chini, anaipeleka bafuni kuitazama kwenye kioo, kisha ananiita: "Mueni, njoo kidogo, hii e tumbo lake halijazidi?" Nami nimetoka zamu, miguu inawaka moto. Tumbo la e, jamani! "Limezidi," namwambia, ili nikalale. Basi analipunguza, na kesho yake analirudisha.

Alipomaliza akaiita alfabeti yake Mnono. Kampuni moja iliyokuwa ikiuza herufi za kusugua ikaichukua. Ni zile karatasi ambazo unazilaza juu ya kazi yako, unasugua kwa kitu chenye ncha butu, herufi inahama na kunata pale unapotaka. Wakampa Mnono jina la Kiswidi, wakamtia kwenye kitabu chao cha herufi. Jina la mchoraji? Halimo. Waliandika jina la karakana, basi. Mimi nilifura kama andazi. Erisa alicheka tu. "Mwache mtoto atembee," akasema.

Watu wetu lakini walijua. Chama chetu kilikuwa na kila namna ya watu, Waganda, Wakenya, Watanzania, Warundi wachache, na kila mmoja alijivunia Mnono kana kwamba alimzaa yeye. Watoto wakimwona kwenye treni wanapiga kelele, "Mnono wa anko Erisa!" Na Erisa alikipa chama karatasi zake za kusugua kwa ajili ya matangazo ya dansi. Sikukuu ya uhuru wa Kenya, ya Uganda, ya Tanganyika, mkesha wa mwaka mpya, zote ziliandikwa kwa Mnono. Ikafika mahali ukimwona Mnono ukutani, hata kabla hujasoma neno, miguu inajua kuna muziki.

Sasa sikilizeni, maana mambo yote yamelala hapa. Erisa hakukubali Mnono atumike ovyo. "Huyu ni mtu wa neno moja," alikuwa akisema. "Mpe neno moja kubwa, la furaha, atalibeba hadi ng'ambo ya barabara. Mpe sentensi, pumzi inamkata. Mfanye mdogo, matundu ya a na ya e yanazibwa na wino, anakuwa uji." Alipofariki mzee Kiprono, mwanachama wetu, katibu alikuja kuomba karatasi za Mnono atangaze msiba. Erisa akakataa katakata. Akachukua brashi, akaandika mwenyewe kwa mkono, herufi nyembamba zilizosimama wima. "Mnono akiingia kilioni atacheka," akasema. "Hajui kufanya kingine." Maneno hayo aliyasema mbele ya mwenyekiti Sowedi na mbele ya huyo katibu, Petero, na masikio walikuwa nayo.

Erisa alikufa Oktoba, mwaka wa themanini na tano, mchana kweupe, akiwa ameinama juu ya meza ya kazi. Moyo. Waliponipigia simu wodini nilidhani amesahau ufunguo.

Kumrudisha kwao hakukuwezekana. Masaka ilikuwa imezingirwa na askari, barabara hazipitiki. Mama yake alikuwa amekimbilia kwa binti yake Nairobi, ndiko nilikompigia. Akasema kwa kile Kiswahili chake cha kuungaunga: "Mwanangu atalala ugenini. Sawa, Mungu amependa. Lakini azikwe na watu, mama. Usimwache azikwe kama mtu aliyeokotwa." Nikamwambia, "Mama, atazikwa na watu." Kwa Waganda kuzika si kazi ya ukoo peke yake, ni ya kila aliyesikia. Duka linafungwa, jembe linawekwa chini, mnakwenda. Hilo tu ndilo nililolitaka hapa duniani wakati ule. Sikutaka maua wala jeneza la fahari. Nilitaka watu.

Na watu nilikuwa nao! Wiki ya kwanza nyumba ilijaa hadi ngazini, majirani Waswidi wakipita wamejibana kwenye kuta. Lakini huku maiti anasubiri zamu yake kama mtu aliye benki. Siku ya maziko ilipangwa baada ya majuma matatu, Ijumaa, saa tano asubuhi, siku ya kazi. Katikati hapo watu walirudi kwenye zamu zao, hospitalini, viwandani, kwenye usafi wa maofisi. Kila aliyeondoka aliuliza, "Tunazika lini?" Na kamati ikamjibu, "Tutatangaza."

Kamati ilikuwa Sowedi, mwenyekiti, aliyefanya kazi ya kuunganisha malori kule Södertälje, Mwislamu safi na rafiki wa Erisa tangu Kampala. Ilikuwa Petero, katibu. Na mke wa Petero, Clementina, aliyeshika jikoni. Walikaa kwenye meza ileile ya Mnono, mimi nimekalishwa kwenye godoro sebuleni, nimefungwa kitambaa kichwani, nasikia kila kitu.

"Tangazo tutaliandika kwa herufi zake," Sowedi akasema.

Nikainuka pale pale. "Zipi? Mnono?"

"Shemeji, wewe tulia."

"Sitatulia. Mnono ni wa dansi, Sowedi. Alikwambia mwenyewe, siku ya Kiprono."

"Ile ilikuwa ya Kiprono. Huyu ni mwenyewe!" Machozi yakamlengalenga, mtu mzima yule. "Wazungu wamemtoa jina lake kwenye kitabu. Herufi zake zinauza sabuni, na hakuna anayejua zimetoka kwa nani. Tumwache azikwe hivyo hivyo? Nataka jina la Erisa liandikwe kwa herufi za Erisa, kubwa, mara moja tu katika dunia hii."

Sasa utamjibu nini mtu anayelia? Ndiyo shida ya upendo wa watu wetu, unakuja na machozi mbele, huwezi kuusukuma. Bado nilijaribu. Nikamwambia andikeni kwa mkono, au pigeni simu nyumba kwa nyumba. Petero akasema simu huharibu habari, mara ya Kiprono nusu ya watu walipelekwa makaburi mengine. Clementina akanishika bega akanirudisha kwenye godoro. "Mama Namubiru, mfiwa hapangi. Kazi yako ni kulia tu, mengine ni yetu." Na kweli ndivyo ilivyo desturi, kwao na kwetu. Mfiwa hapiki, hafagii, haaliki watu. Nikakaa.

Tangazo nililiona lilipokwisha kubandikwa kila mahali: ukumbini kwa chama, kwenye duka la vyakula vyetu, kwenye vyumba vya kufulia vya majengo, kuanzia kwetu Norsborg mpaka Rissne kwenye stesheni mpya. Sowedi aliniletea nakala moja kwa mikono miwili, kama anayeleta zawadi. Juu kabisa, ERISA, Mnono mkubwa kuliko yote, ananesa. Chini yake, NJOONI WOTE. Na chini kabisa, yale mengine yote, kwamba ni maziko, siku, saa, mahali, kwamba kutakuwa na chakula baadaye. Nayo kwa Mnono pia, Mnono mdogo kabisa, halafu wakampunguza tena kwenye mashine ya fotokopi ili aenee. Uji mtupu. Macho ya herufi yote yamezibwa.

"Siku haisomeki," nikasema.

"Mtu akisogea karibu ataisoma."

"Nani atasogea, Sowedi? Nani husogea karibu na tangazo la dansi? Mtu huuliza muziki nani anapiga, anaendelea na safari yake!"

Namubiru akachungulia begani kwangu. "Ser ut som kalas," akasema, yaani inaonekana kama sherehe. Mtoto wa miaka tisa! Sowedi akamtazama, akanitazama, akakunja karatasi yake taratibu. "Huzuni imewazidi nyote wawili," akasema.

Alipotoka nilichukua simu. Namba ya kwanza iliyonijia ni ya Damalie, wa Rissne. Damalie na Erisa walikuja Swidi kwenye ndege moja, walikuwa wakiitana kaka na dada bila tone la damu kati yao. Msaidizi wa wauguzi, ana mdomo mpana na moyo mpana zaidi, akisema jambo leo, kesho Waganda wote wamelijua. Nimeshazungusha tarakimu za mwanzo, Clementina akaja akanipokonya mkonga wa simu. "Unataka waseme mjane alitembeza bakuli la watu? Waseme kamati ilimtupa, akawa anaomba watu mwenyewe wamzikie mume? Usitutie aibu, dada." Akautundika. Nami nikaogopa aibu. Si yangu, ya Erisa. Nikaona nitamfanya maiti aonekane mtu asiye na watu.

Siku zilizofuata kulikuwa na kimya cha ajabu. Simu haikulia. Sowedi alikuja kusema mambo ni mazuri. "Watu wameguswa, shemeji. Nikikutana nao kwenye treni wanainamisha vichwa, hawanisemeshi. Msiba umewaingia." Petero naye akasema hivyo hivyo, kwamba dukani watu walimpisha bila salamu. Wakakubaliana kwamba nyumba itakuwa ndogo, wakaenda kuazima sufuria nyingine.

Ijumaa ikaja, na baridi ya kukata masikio. Tulifika mapema kwenye kanisa dogo la makaburini. Kulikuwa na mimi na Namubiru, Sowedi, Petero, na Wanjohi aliyeletwa kupiga picha za kumpelekea mama. Clementina alibaki kwenye sufuria zake. Baadaye akaja mzee Mswidi mmoja wa karakana, kofia mkononi, akanipa pole na kukaa benchi la nyuma. Tukangoja. Mchungaji akatazama saa, akatazama mlango, akanitazama mimi. Nikamwomba angoje kidogo. Akangoja kidogo. Kisha akasema kwa upole kwamba kuna familia nyingine inaingia baada yetu.

Basi wakaanza. Viti vyote vile, na sauti ya mchungaji inagonga ukutani inarudi. Wimbo alioupenda Erisa tuliuimba, Petero akiushika na sisi tukiufuata, na Sowedi, ambaye si wa kanisa, anatikisa midomo tu. Kila mlango ulipolia nikageuka. Ulikuwa upepo.

Wakati wa kubeba jeneza, watu hawakutosha. Hayo ndiyo siwezi kuyasahau, na wala sitaki mtu aniambie niyasahau. Waliita wafanyakazi wa makaburini, vijana wawili wamevaa makoti ya kazi, wakaleta toroli. Mume wangu alikwenda kaburini kwa toroli, magurudumu yanasaga changarawe. Sowedi alishika pembe ya jeneza kwa mkono mmoja njia nzima, kama anayelisaidia. Wanjohi alipiga picha moja, akaiangalia kamera, akaifunga. "Nitapiga nini, mama?" akaniuliza. "Nitapiga miti?"

Nikatupa udongo. Namubiru akatupa. Tukamaliza upesi sana, mkitaka kujua. Watu wachache humaliza upesi.

Nyumbani tulikuta Clementina ameshajua, Petero alimpigia simu kutoka ofisi ya makaburini. Sufuria za pilau na maharage zimepangwa ukutani, vifuniko juu, sahani za kuazima zimepandana hadi kifuani. Hakuna aliyekula. Mzee Mswidi alikunywa kahawa, akashukuru, akaenda zake. Sowedi alikaa jikoni, mikono juu ya meza, anasema peke yake, "Watu gani hawa? Watu gani hawa wasiozika?" Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kuamini maneno yake. Nikawalaani mmoja mmoja kwa majina. Wamekula kwangu, nikasema. Nimewazalisha watoto wao. Wamecheza dansi kwa herufi za mume wangu miaka yote, na siku yake moja wamekaa kwao. Nilifikiri nitamwambia nini yule mama Nairobi.

Ilikuwa alasiri kengele ilipolia. Alikuwa Damalie, na sare ya kazi chini ya koti, mkate mkubwa kwapani, uso umevimba kwa hasira. Hakuvua hata viatu. Akanikumbatia hadi nikakosa pumzi.

"Mama Namubiru, bambi, nisamehe sijaonekana. Nimeona nije mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Kuna jambo la aibu linafanyika, na linafanywa kwa jina la kaka yangu."

Nikamwambia aketi. Hakuketi.

"Banange, Sowedi na genge lake wanaandaa dansi! Wamebandika Mnono kila mahali, jina la Erisa juu, njooni wote. Mtu hajaingia ardhini! Wanatafuta kiingilio kwa jina la maiti. Nililiona pale stesheni. Yale maandishi madogo ya chini hata sikuyasoma, nilirarua. Nikarudi na wanangu tukararua yote ya Rissne, ya ukumbini, ya dukani. Haya hapa." Akafungua mkoba, akamwaga mezani vipande vya karatasi, lundo zima, matumbo ya herufi yamekatikakatika. "Halafu nikakaa kwenye simu. Kila nyumba, mama. Nikawaambia, anayempenda Erisa asikanyage huko, na wale wa kamati msiwape hata salamu. Na watu wamekusikitikia, wameshika adabu, hakuna atakayekwenda. Nimeuliza kila mtu, hakuna hata mmoja. Usifikiri mko peke yenu."

Sowedi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Damalie akamwona, akamsonya, akamgeuzia mgongo.

Damalie akanishika mikono yote miwili. Yake ilikuwa ya moto, alikuwa ametoka mbio kutoka kwenye treni.

"Sasa niambie wewe mwenyewe, maana hawa siwaulizi tena. Tunamzika lini? Nimeshaomba ruhusa kazini siku yoyote. Rissne nzima inakuja, watoto na wote. Wanaume wameshagawana zamu ya kulibeba jeneza, wamegombana hadi nikawaamua. Lini, dada?"

Nilimtazama Sowedi anijibie, kwa kuwa mfiwa hapangi. Sowedi alikuwa ameketi chini sakafuni, katikati ya sufuria, amefunika uso.

"Leo," nikamwambia. "Tumemzika leo asubuhi, Damalie. Kwa toroli."